MIKONO YA MWUGUZI NA CHUMBA CHA MGONJWA

Wagonjwa walio wengi katika Kenya hawauguzwi hospitalini siku zote za ugonjwa wao. Hospitali huwapokea kwa siku chache, huwapa dawa, huwapasua au kuwafunga jeraha, kisha huwarudisha kwao wakamalizie kupona. Wengine, kama wazee waliopooza na watu wenye maradhi ya muda mrefu, hawana kitanda kingine ila kile cha nyumbani. Huko hakuna Sista wala daktari. Mwuguzi ni mama, au mke, au binti, na mara nyingi mtu yule yule amwoshaye mgonjwa ndiye apikaye chakula cha nyumba nzima, ndiye amnyonyeshaye mtoto mchanga, na ndiye atekaye maji. Mikono miwili hufanya kazi zote hizo, na katika jambo hilo mna hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mfano wa nyumba ambamo mtoto ameanza kuhara siku ya Jumatatu. Siku ya Alhamisi dada yake naye anahara, na ifikapo Jumapili nyanya yao yuko kitandani. Majirani husema kwamba ugonjwa umeingia nyumbani humo, kana kwamba umepita mlangoni wenyewe kwa miguu yake. Na wengine hunong'ona kwamba uko mkono wa mtu. Naam, mkono wa mtu uko, ila si kwa maana waitakayo wao. Yaweza kuwa maji ya kisima yaliwadhuru wote pamoja. Lakini watu wapatwapo mmoja baada ya mwingine, zikipita siku mbili tatu kati yao, yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyemsafisha mtoto yule wa kwanza, na alipokwisha kumsafisha alishika nini.

Hesabu iliyoidhihirisha hatari hii waziwazi ilifanywa katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Katika hospitali kubwa ya mji huo palikuwa na wodi mbili za wanawake wanaojifungua. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Hospitali ilikuwa moja na wanawake walikuwa wa hali moja. Lakini katika mwaka 1846 walikufa wapata 11 katika kila wanawake 100 wa wodi ya kwanza, wengi wao kwa homa ya uzazi, na katika ya pili hawakutimia 3. Habari hizo zilienea mjini, hata wanawake wakawa wanapiga magoti na kulia ili wasipelekwe katika wodi ya kwanza, na wengine wakaona heri kuzaa njiani.

Daktari kijana mmoja, Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria, alikosa raha kwa jambo hilo. Alichunguza hewa, akachunguza namna ya kuwalaza wanawake, akachunguza hata kengele ya padre aliyepita kuwaombea waliokuwa wakifa, akidhani labda sauti yake yawatia hofu. Hakuona kitu. Kisha katika mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana sana na ule wa wanawake. Ndipo Semmelweis alipotambua. Wanafunzi wa wodi ya kwanza walitoka katika chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wanawake. Wakunga wa wodi ya pili hawakupasua maiti. Tangu mwezi wa Mei mwaka ule akaamuru kila atakayemshika mwanamke anawe kwanza mikono yake katika maji yenye klorini, na katika mwaka 1848 vifo vya wodi ya kwanza vilishuka hata vikawa kama 1 tu katika kila 100.

Liko neno moja la kuangaliwa sana katika habari hizi. Madaktari wale hawakuwa watu wachafu. Walikuwa wakinawa kwa sabuni kama waungwana wote, na mikono yao ilionekana safi, ila harufu ya maiti haikutoka. Wakuu wengi wa udaktari walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, na Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, shauri lake likiwa bado halijakubaliwa na walio wengi. Baadaye wataalamu kama Louis Pasteur na Robert Koch waliwathibitishia watu kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Koch alivitambua vile vya kifua kikuu mwaka 1882. Basi ikiwa daktari wa Vienna alidanganywa na mikono iliyong'aa, haishangazi mama wa nyumbani akidanganywa vivyo hivyo.

KUNAWA KWA WAKATI WAKE

Kwa sababu hiyo mwuguzi hawezi kuyategemea macho yake. Imempasa kukumbuka mikono yake imetoka wapi na inakwenda wapi. Ikiwa imetoka katika kinyesi, mkojo, damu, usaha, matapishi au makohozi, hainyoshwi kushika kitu kingine chochote, wala kitasa cha mlango, wala mtoto aliaye, mpaka inawe. Na ikiwa inakwenda katika chakula, katika kidonda, katika macho au kinywa cha mgonjwa, hainyoshwi mpaka inawe, hata kama haikushika uchafu wowote unaoonekana. Watu wengi hukumbuka kunawa baada ya kazi, kwa kuwa kinyaa chawasukuma. Kunawa kabla ya kazi ndiko kusahauliwako. Anawaye baada hujikinga yeye na jamaa zake. Anawaye kabla humkinga mgonjwa, ambaye mwili wake umekwisha dhoofika na hauna nguvu za kupigana na adui wa pili.

Namna ya kunawa nayo ina maana. Katika nyumba nyingi beseni moja la maji huzungushwa kabla ya kula, wa kwanza ananawa, wa pili ananawa, na wa mwisho anaichovya mikono yake katika uchafu wa wote waliomtangulia. Desturi ya zamani ya watu wa pwani, ya kummiminia mtu maji kwa birika juu ya beseni, ni bora zaidi, kwa maana maji yaliyokwisha pita juu ya mikono hayarudi tena. Penye bomba shauri limekwisha. Pasipo na bomba, mtungi mdogo wa plastiki waweza kutobolewa tundu karibu na kifuniko, ukaning'inizwa katika mti mlalo nje ya mlango, ukafungwa kamba yenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu; ukikanyaga, mtungi huinama na maji huchirizika, wala mikono michafu haigusi chombo. Watu wengine hukiita kibuyu chirizi. Hutumia maji kidogo sana, jambo ambalo mwenye kuteka maji mbali atalithamini.

Sabuni yo yote yafaa, ya mche au ya unga, na maji si lazima yawe ya moto. Yatakiwayo ni kusugua: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba ambacho wengi hukisahau, na ncha za vidole zikikwaruzwa katika kiganja ili povu liingie chini ya kucha. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kazi yote, tangu kulowesha mpaka kukausha, huchukua nukta 40 hadi 60. Sabuni ikikosekana, majivu safi ya kuni husaidia. Mikono hukaushwa kwa kitambaa safi kilichowekwa kwa kazi hiyo peke yake, au huachwa ikauke kwa upepo. Kuifuta katika kanga au aproni aliyovaa mtu tangu asubuhi ni kuirudishia yale yaliyokwisha tolewa. Kucha za mwuguzi na ziwe fupi, na pete na bangili zivuliwe, kwa sababu chini yake ndiko maji na sabuni visikofika.

Mipira ya mikono ni msaada mkubwa mtu ashikapo damu au choo, lakini imewaponza wengi. Mtu huivaa, akamsafisha mgonjwa, kisha kwa mipira ile ile akashika kikombe, akafungua kabati, akapangusa jasho lake. Mpira hukinga ngozi ya mwenye kuuvaa tu. Sharti uvuliwe kazi moja ikiisha, kwa kuugeuza ndani nje, na mikono inawe. Tena isiwe ishara ya kumwogopa mgonjwa. Katika miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa ukiua watu wengi na wagonjwa wakiuguzwa majumbani, wako waliolishwa kwa mipira ya mikono na kuwekewa sahani zao mbali, hali virusi vya Ukimwi haviambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kumgeuza mtu kitandani. Mtu mmoja aliyejikinga kwa njia isiyo na sababu alimwumiza mwenzake bure, na penginepo akaisahau kinga yenye sababu, yaani kufunika mchubuko wake mwenyewe na kuvaa mipira palipo na damu.

MWILI WA MGONJWA

Wapo wanaoamini kwamba mgonjwa mwenye homa asiogeshwe kwa kuwa maji yatamzidishia. Si kweli. Jasho na uchafu ukiachwa juu ya ngozi huichubua, na mtu asiyeogeshwa hukosa raha hata kulala. Mgonjwa asiyeweza kusimama huogeshwa pale pale kitandani kwa maji ya uvuguvugu, dirisha la upande utokako upepo likiwa limefungwa kwa muda, na mwili ukifunuliwa sehemu moja baada ya nyingine ili asipate baridi wala aibu.

Utaratibu wa kazi ndio usafi wenyewe. Huanzwa kwa macho, kwa maji matupu bila sabuni, kila jicho kwa upande wake wa kitambaa, tangu karibu na pua kwenda nje. Kisha uso, shingo, mikono, kifua na tumbo, miguu, mgongo, na sehemu za siri mwisho kabisa, kwa maji mapya na kitambaa kingine. Mwanamke hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, asije akapelekewa vijidudu vya choo katika njia ya mkojo. Kitambaa kilichokwisha fika huko hakirudi usoni. Kila mkunjo wa ngozi, kwapani, chini ya matiti, kwenye nyonga na katikati ya vidole vya miguu, hukaushwa vizuri, kwa sababu ngozi iliyobaki na unyevu huoza upesi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya wauguzi wa ng'ambo havilisemi. Katika kabila nyingi za Kenya si halali mke wa mwana kumwona mkwewe uchi, wala baba kuogeshwa na binti yake. Matokeo yake ni kwamba mzee aliyepooza huoshwa uso na mikono kila siku, na sehemu iliyo na haja kubwa ya maji huachwa siku tatu nne, mpaka ngozi imechubuka na kunuka. Heshima hiyo si ya kudharauliwa, lakini haifai kuachiwa imwue mtu. Mara mzee arudipo kutoka hospitali, jamaa na wakae shauri, wamtaje mjukuu mwanamume, au ndugu, au mtu wa rika lake, ambaye atakuja kila asubuhi kwa kazi hiyo, naye afundishwe mapema na mwuguzi wa hospitali au mhudumu wa afya wa mtaa.

Kinywa nacho husahauliwa. Mgonjwa asiyekula chakula kigumu hupata utando juu ya ulimi, midomo hupasuka, na vijidudu vya kinywani vyaweza kushuka mapafuni vikaleta kichomi. Yafaa kinywa kisafishwe kwa mswaki laini, au kwa kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni, asubuhi na jioni. Aliyezimia au asiyeweza kumeza vema alazwe ubavu, kichwa kikiinama kidogo, wala asimiminiwe maji kinywani.

Kisha viko vidonda vya kulalia, ambavyo ni aibu ya uuguzi wa nyumbani na mara nyingine ya hospitali. Mtu alalaye upande mmoja muda mrefu, uzito wa mwili huibana nyama iliyo kati ya mfupa na kitanda, damu isipite, na nyama ile hufa. Mahali pake ni chini ya mgongo karibu na matako, nyongani, visiginoni, katika vifundo vya miguu, viwiko na nyuma ya kichwa. Alama ya kwanza ni wekundu, au kwa ngozi nyeusi doa lililokoza kuliko ngozi iliyo jirani, lenye moto au ugumu, lisiloondoka mtu akigeuzwa. Ikifika hapo hakuna wakati wa kungoja. Kawaida ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kwa kumwinua na shuka watu wawili, si kwa kumburuta, maana kuburuta hukwangua ngozi. Kitanda cha kamba hulegea katikati na kumkunja mgonjwa, basi kamba zikazwe au godoro liwekwe juu ya mbao. Shuka inyoshwe isiwe na mikunjo wala makombo ya chakula, na ikilowa mkojo ibadilishwe mara moja. Mahali palipokwisha geuka rangi pasisuguliwe.

Kidonda kikiwapo, hushikwa kwa mikono iliyotoka kunawa, husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hufungwa kwa kitambaa kilichofuliwa, kikapigwa pasi na kuhifadhiwa mahali safi. Kitambaa kilichotoka huchomwa. Majivu ya jikoni, mafuta ya taa, dawa ya meno na kinyesi cha ng'ombe havina kazi katika kidonda, wala katika kitovu cha mtoto mchanga. Mavi ya wanyama na udongo mara nyingi huwa na vijidudu vya pepopunda, na mtoto aliyepakwa kitu hicho aweza kukakamaa taya na kufa kabla ya kutimiza mwezi wa kwanza.

VITOKAVYO KWA MGONJWA, NA NGUO ZAKE

Choo cha mgonjwa kitandani hupokelewa katika chombo chenye kifuniko, hunyunyiziwa majivu kidogo kuzuia nzi, na hupelekwa mara hiyo hiyo chooni. Kisiachwe chini ya kitanda mpaka jioni. Kisimwagwe katika shamba la migomba, wala mtoni, wala katika mtaro wa mtaa. Makohozi ya mwenye kifua kikuu hutemwa katika kopo lenye kifuniko, kisha humwagwa katika choo cha shimo au huchomwa. Choo chenyewe kiwe na kifuniko cha tundu, na kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, tena upande wa chini ya mtelemko.

Shuka na nguo zilizochafuliwa hazikung'utwi chumbani, wala hazibebwi zikiwa zimekumbatiwa kifuani. Huviringishwa, uchafu mzito ukiwa ndani, hukwanguliwa chooni, kisha huchemshwa au hulowekwa katika dawa ya klorini. Dawa ya kufulia iuzwayo madukani katika chupa, ikiwa imeandikwa kwamba ina klorini 3.5 kwa 100, huchanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Maji hayo hufaa kupangusia sakafu na vyombo vilivyoguswa na choo au matapishi, vikikaa nayo dakika 10. Kwa nguo, maji hayo hayo huongezewa maji mengine mara 9 na nguo hulowekwa nusu saa. Dawa ichanganywe upya kila siku, wala isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa moshi wa sumu. Nguo hizo zisifuliwe mtoni juu ya mahali watu watekapo maji. Zianikwe juani, na mahali penye mainzi wa maembe zipigwe pasi kabla ya kuvaliwa.

CHUMBA NA MAJI

Katika mwezi wa Novemba 1854 Bibi Florence Nightingale alifika Scutari, karibu na mji wa Istanbul nchini Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Uingereza waliokuwa katika vita vya Krimea. Walifua, walipika, walikesha na taa zao. Hata hivyo, katika mwezi wa Februari 1855 vifo vilikuwa vingi kupita wakati wote, kama 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi wakaja mafundi wa afya kutoka Uingereza; wakazibua na kusafisha mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali, wakatoa takataka, wakafungua njia za hewa. Kufika mwezi wa Juni vifo vilikuwa kama 2 katika 100. Bibi Nightingale mwenyewe, aliyekuwa hodari wa hesabu, alizitazama tarakimu hizo baada ya vita, na kwa maisha yake yote yaliyobaki aliendelea kupigania mifereji, madirisha na maji safi kwa bidii kuliko alivyopigania dawa. Wema wa wauguzi haukuweza kushinda uvundo uliokuwa chini ya sakafu.

Nyumba ya kijijini haina mifereji ya Scutari, lakini ina mambo yake. Mgonjwa hulazwa katika pembe yenye giza karibu na moto, madirisha yakazibwa kwa magunia, na moshi ukajaa. Kwa mtu mwenye kikohozi hilo ni dhara tupu. Hewa ipitayo hupunguza vijidudu vya kifua kikuu vielevyo chumbani, na mwanga wa jua huviua. Kitanda na kiwekwe karibu na dirisha, nalo lifunguliwe mchana, na usiku pia ikiwezekana, mgonjwa akifunikwa vema. Sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa ili vumbi lisipande. Mbuzi na kuku wasilale chumbani humo.

Mjini taabu ni nyingine. Katika chumba kimoja cha Mathare au Kibera mgonjwa, mwuguzi, jiko na watoto wote wamo pamoja, choo ni cha nyumba nyingi, na maji hununuliwa kwa mtungi. Kumwambia mtu wa namna hiyo atenge chumba ni kumfanyia mzaha. Lakini aweza kumlaza mgonjwa upande wa mlango au dirisha na watoto upande mwingine, aweza kupika kabla ya kumsafisha mgonjwa na si baada, na aweza kuweka mitungi miwili, mmoja wa kunywa wenye kifuniko na mdomo mwembamba, na mmoja wa kunawa na kufulia. Ule wa kunywa humiminwa. Kikombe hakichovywi ndani. Maji yake yachemke hasa, yatoe mapovu makubwa kwa dakika 1. Katika sehemu za juu kama Limuru, Molo na Nyahururu, ambako maji huchemka kwa moto mdogo zaidi, yaachwe yachemke dakika 3.

Mgonjwa wa kuhara hunyweshwa mara kwa mara maji ya dawa ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati katika pakiti. Maji hayo ni chakula kizuri cha vijidudu pia; yaliyobaki baada ya saa 24 humwagwa, mengine yakatengenezwa.

MWUGUZI MWENYEWE

Mwuguzi mwenye jipu mkononi hatengenezi chakula cha mgonjwa wala hagusi kidonda chake. Mwenye mafua hufunika kinywa na pua. Mwenye kuhara humwachia mwingine kazi ya jikoni mpaka apone. Nguo ya kuuguzia iwe moja, ya kuvaliwa juu ya nyingine na kuvuliwa mlangoni. Tena aoge kila siku na alale. Mtu aliyekesha siku saba husahau mambo madogo kwanza, na kunawa ni moja katika mambo hayo madogo. Kwa hiyo jamaa wampao zamu ya usingizi wanafanya kazi ya usafi vilevile. Penye shaka, wahudumu wa afya wa jamii, ambao Serikali ya Kenya iliwapa vifaa zaidi ya 100,000 mwaka 2023, hupita majumbani, nao waweza kuulizwa.

Wageni ni baraka, lakini wasikae juu ya kitanda, wasimalizie uji uliobaki katika kikombe cha mgonjwa, na wanawe waingiapo na watokapo. Mwenye nyumba huona haya kuwaambia. Mtungi wa kunawia ukiwa umening'inia mlangoni pamoja na sabuni, na yeye mwenyewe akinawa mbele yao, maneno hayatahitajiwa mengi.

Mgonjwa akifa, hatari haiishi siku hiyo. Tangu kipindupindu kilipoingia Kenya mwaka 1971 kimerudi mara nyingi, na matanga ni mojawapo ya njia zake, kwa sababu waoshao maiti huenda wakapakua chakula cha waombolezaji. Maiti ya ugonjwa huo huoshwa kwa dawa ya klorini na watu waliofundishwa, huzikwa upesi, na waliomshika hawaingii jikoni. Afisa wa Afya aitwe kabla ya kuosha.

Naye akipona, shuka huchemshwa mara ya mwisho, mkeka husuguliwa kwa sabuni, kitanda hupanguswa kwa maji ya klorini mpaka chini ya mbao zake, na godoro lisiloweza kufuliwa hutolewa nje, likaanikwa juani siku mbili tatu na kugeuzwa kila upande. Vitambaa vilivyokuwa vya kidonda, pamoja na kopo la makohozi, huchomwa. Aliyeugua homa ya matumbo aweza kuendelea kutoa vijidudu katika choo chake kwa majuma mengi, hata akiwa na nguvu za kulima. Basi mtu huyo asipikie watu, wala asiuze chakula sokoni, mpaka zahanati imempima na kumruhusu.